Naitrojeni katika Bilauri: Somo la Gesi, Povu na Kanieneo

Mikumi ni mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Wasafiri hupumzika hapo baada ya kuvuka hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa sababu hiyo nyumba za wageni na mikahawa haipungui. Mwenye nyumba moja ya wageni mjini hapo alinijia siku moja na swali. Alikuwa ameonja katika safari zake bia nyeusi ya pipa yenye povu zito kama mtindi, na pia kahawa baridi iliyotolewa kwa mtambo wa namna hiyohiyo. Alitaka kuunda mtambo huo nyumbani kwake.

"Mwalimu," aliniuliza, "mbona povu la soda huinuka na kwisha papo hapo, na povu la wenzetu hukaa mpaka bilauri iishe?"

Swali lilikuwa zuri, nami nikakubali kwenda kuutazama mtambo wenyewe. Nilipofika niliona mambo mawili yaliyonitia hofu. La kwanza, regulata aliyouziwa ilikuwa imetengenezwa kwa mitungi ya kaboni dioksidi, lakini mtungi aliokuwa nao ulijaa naitrojeni. La pili, mtungi huo ulisimamishwa ndani ya stoo isiyo na dirisha, iliyopakana na chumba cha kulala watoto. Nilimwomba asiufungue hata kidogo mpaka tutakapokuwa tumezungumza.

Makala hii imetokana na mazungumzo hayo. Tutaeleza mambo manne: jinsi gesi inavyomumunyika katika kiowevu, sababu ya povu la naitrojeni kudumu, jinsi mtambo unavyofanya kazi na unavyopangwa, na hatari zilizomo. Mwishoni tutatoa jaribio linaloweza kufanywa katika shule yoyote ya sekondari. Jaribio hilo halihitaji kileo cha aina yoyote. Sabuni, siki na chupa tupu zatosha.

HISTORIA FUPI

Elimu ya gesi na kazi ya kutengeneza pombe vimefuatana tangu zamani. Joseph Priestley, alipokuwa akiishi Leeds, Uingereza, alikuwa jirani wa kiwanda cha bia. Aligundua kwamba juu ya mapipa yaliyokuwa yakichacha palitanda hewa iliyozima mshumaa. Hewa hiyo ndiyo tuiitayo leo kaboni dioksidi. Mwaka 1772 alichapisha maelezo ya jinsi ya kuiingiza katika maji, na hapo ndipo ulipoanzia ufundi wa soda. Mwaka huohuo wa 1772, Daniel Rutherford wa Edinburgh alieleza juu ya sehemu ya hewa inayobaki baada ya oksijeni na kaboni dioksidi kuondolewa. Sehemu hiyo ni naitrojeni.

Mwaka 1803 William Henry wa Manchester alitangaza kanuni inayobeba jina lake, ambayo ndiyo msingi wa makala hii.

Kiwanda cha Guinness cha Dublin, kilichoanzishwa mwaka 1759, kilikuwa na desturi ya kuajiri wanasayansi. Walimu wa hisabati watamkumbuka W. S. Gosset, mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliyeandika mwaka 1908 kwa jina la "Student" kuhusu jaribio la takwimu tulifundishalo hadi leo. Nusu karne baadaye mwanahisabati mwingine wa kiwanda hicho, Michael Ash, alipewa tatizo la povu. Bia nyeusi ya pipa ilihitaji mhudumu stadi ili itoke vizuri, na mara nyingi ilitoka ovyo. Ash alichanganya naitrojeni na kaboni dioksidi, na mwaka 1959 bia ya naitrojeni ikaanza kuuzwa. Bia nyeusi ya chupa iliyo maarufu Afrika Mashariki ni ya namna nyingine; gesi yake ni kaboni dioksidi. Ndiyo maana povu lake si zito vile.

Wilaya ya Kilosa nayo ina historia yake ya pombe. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru, alichapisha mwaka 1961 makala kuhusu unywaji wa pombe katika nchi hiyo, wakati ambapo Gairo ilikuwa bado sehemu ya Kilosa. Pombe ya mahindi au ya mtama hunywewa ingali inachacha. Chachu hula sukari na kutoa alkoholi na kaboni dioksidi. Mpishi yeyote wa pombe ajua kwamba kibuyu chenye pombe changa hakizibwi kwa nguvu, kwani kitapasuka. Anajua jambo la kweli la fizikia, hata kama hajalisoma kitabuni.

KANUNI YA HENRY

Kanieneo ni nguvu inayosukuma kila kipande cha eneo. Tutaipima kwa kilopaskali. Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni takriban kilopaskali 101.

Kanuni ya Henry yasema hivi: katika halijoto isiyobadilika, kiasi cha gesi kinachomumunyika katika kiowevu huwiana sawia na kanieneo ya gesi hiyo juu ya kiowevu. Kwa alama:

C = k × P

C ni kiasi cha gesi kilichomumunyika, P ni kanieneo ya gesi hiyo, na k ni namba inayotegemea aina ya gesi, aina ya kiowevu na halijoto. Ukizidisha kanieneo mara mbili, gesi iliyomumunyika nayo huzidi mara mbili. Ukifungua kizibo, kanieneo hushuka, na gesi iliyozidi hutoka kwa viputo.

Namba k ndiyo inayozitofautisha gesi. Katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, na chini ya kanieneo ya kilopaskali 101, lita 1 ya maji humumunya takriban gramu 1.7 za kaboni dioksidi, lakini gramu 0.019 tu za naitrojeni. Tukihesabu molekuli badala ya gramu, kaboni dioksidi humumunyika zaidi ya mara 50 kuliko naitrojeni.

Halijoto nayo hubadili k. Kwa kaboni dioksidi chini ya kanieneo ileile, lita 1 ya maji humumunya takriban:

gramu 3.3 katika nyuzijoto 0;
gramu 2.8 katika nyuzijoto 5;
gramu 1.7 katika nyuzijoto 20;
gramu 1.5 katika nyuzijoto 25.

Msomaji ataona kwamba kiowevu cha baridi hushika gesi nyingi zaidi. Soda iliyoachwa juani katika stendi ya Kilosa humwagika ikifunguliwa, na ile iliyotoka jokofuni hutulia.

Ikiwa juu ya kiowevu kuna mchanganyiko wa gesi, kila gesi hufuata kanieneo ya sehemu yake peke yake. Mchanganyiko utumikao kwa bia nyeusi huwa na asilimia 75 za naitrojeni na asilimia 25 za kaboni dioksidi. Basi robo moja tu ya kanieneo yote ndiyo inayoisukuma kaboni dioksidi ndani ya bia.

Mfano wa 1. Kilosa na Mikumi ziko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 96. Geji ya mtambo yaonyesha kilopaskali 240. Geji huonyesha ziada iliyo juu ya kanieneo ya hewa tu; kwa hiyo kanieneo halisi ndani ya pipa ni 240 + 96 = 336. Sehemu ya kaboni dioksidi ni robo yake, yaani kilopaskali 84. Katika nyuzijoto 5:

C = 2.8 × 84 ÷ 101 = takriban gramu 2.3 kwa lita.

Kiasi hicho ni chini ya nusu ya kile kilichomo katika bia ya kawaida ya chupa, ambayo huwa na takriban gramu 5 kwa lita. Ndiyo maana bia ya naitrojeni haiwashi ulimi.

Mfano wa 2. Tuseme mtu ametumia kaboni dioksidi tupu kwa kanieneo hiyohiyo. Sasa C = 2.8 × 336 ÷ 101 = takriban gramu 9.3 kwa lita. Koki itakapofunguliwa hakitatoka kinywaji. Litatoka povu tupu. Akipunguza kanieneo ili kuzuia hilo, hapatakuwa na nguvu ya kukisukuma kinywaji kupita katika matundu madogo ya koki. Hili ndilo fumbo alilolitegua Ash. Naitrojeni huleta kanieneo kubwa bila ya kuingia kwa wingi ndani ya kiowevu.

KWA NINI POVU LA NAITROJENI HUDUMU

Povu hufa kwa njia tatu. Kwanza, kiowevu kilicho kati ya viputo huchuruzika chini. Pili, kuta za viputo hupasuka na viputo viwili huwa kimoja. Tatu, gesi hupenya kutoka kiputo kidogo kwenda kikubwa. Njia hii ya tatu ndiyo inayostahili maelezo.

Uso wa kiowevu huvutana kama ngozi ya ngoma. Mvutano huo hubana gesi iliyomo ndani ya kiputo, na kadiri kiputo kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi:

kanieneo ya ziada = 2 × mvutano wa uso ÷ nusu kipenyo.

Tukichukua mvutano wa uso kuwa niutoni 0.045 kwa mita, kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita 0.05 kina ziada ya kilopaskali 1.8, na kile cha milimita 0.5 kina ziada ya kilopaskali 0.18 tu. Tofauti hii huisukuma gesi kutoka kidogo kwenda kikubwa. Kidogo huzidi kunywea, kikubwa huzidi kuvimba, mpaka povu laini hugeuka kuwa malengelenge machache, kisha hutoweka.

Lakini ili gesi itoke kiputo hiki hadi kile, lazima kwanza imumunyike katika ukuta wa maji uliopo katikati. Kaboni dioksidi humumunyika kwa urahisi, nayo hupita kama mtu apitaye mlango ulio wazi. Naitrojeni humumunyika kwa shida. Kwa hiyo viputo vidogo vya naitrojeni hubaki vidogo kwa muda mrefu.

Iko sababu nyingine. Hewa tuivutayo ina asilimia 78 za naitrojeni, na kaboni dioksidi yake ni takriban asilimia 0.04 tu. Kiputo cha kaboni dioksidi kilicho juu ya bilauri kina gesi nyingi ndani na karibu hakuna nje, basi gesi hukimbilia nje. Kiputo cha naitrojeni kina naitrojeni ndani na naitrojeni nje. Msukumo wa kutoka ni mdogo.

Wanafunzi waliowahi kuona picha za bia hii huuliza pia kwa nini viputo vyake huonekana kuzama badala ya kuelea. Katikati ya bilauri viputo vingi hupanda na kuinua kiowevu pamoja navyo. Kiowevu kilichopanda lazima kirudi, nacho hurudi kwa kushuka kandokando ya kioo. Viputo vya naitrojeni ni vidogo mno hata vinabebwa na mkondo huo wa kushuka, nasi tunaotazama kwa nje twaviona vikizama. Mwaka 2012 wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, walieleza kwamba umbo la bilauri lililo pana juu na jembamba chini ndilo linalosababisha mkondo huo. Umbo likigeuzwa, viputo vya kandoni hupanda.

MTAMBO NA MPANGO WAKE

Mtambo wa nyumbani una sehemu sita: mtungi wa gesi, regulata, mpira wa gesi, pipa la chuma kisichoshika kutu, mpira wa kinywaji, na koki. Pipa hukaa ndani ya jokofu.

Mtungi. Naitrojeni hupatikana kwa kugandamiza na kupoza hewa mpaka iwe kiowevu, kisha kuitenganisha. Naitrojeni huchemka katika nyuzijoto 196 chini ya sifuri, na oksijeni katika nyuzijoto 183 chini ya sifuri. Tofauti hiyo huwezesha kuzitenga. Kaboni dioksidi ya kwetu yaweza kutoka mahali pengine kabisa. Katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, gesi hiyo huvunwa kutoka ardhini, kwenye miamba ya volkeno, na huko Kereita nchini Kenya huvunwa vivyo hivyo. Kwa kinywaji, yafaa gesi ya daraja la chakula, na mchanganyiko ununuliwe ukiwa tayari umechanganywa na wenye kazi hiyo. Usitegemee rangi ya mtungi, soma maandishi.

Regulata. Hiki ndicho kifaa kinachoshusha kanieneo kubwa ya mtungi kuwa ndogo ya pipa. Kaboni dioksidi ndani ya mtungi ni kiowevu na mvuke wake, na kanieneo yake katika nyuzijoto 20 ni takriban kilopaskali 5,700. Naitrojeni hubaki kuwa gesi, na mtungi uliojaa waweza kuwa na kilopaskali 14,000 au zaidi. Regulata ya kaboni dioksidi haikuundwa kwa mzigo huo. Kuifunga kwa nguvu kwenye mtungi wa naitrojeni, kwa kutumia kiungio cha kubahatisha, ni sawa na kupakia tani 14 katika gari la tani 6. Yule ndugu wa Mikumi alikuwa ameuziwa kiungio cha namna hiyo pamoja na regulata, na muuzaji hakumwonya.

Koki. Koki ya naitrojeni ina kisahani ndani yake chenye matundu madogo, mara nyingi matano. Kiowevu kikipita kwa nguvu katika matundu hayo, kanieneo hushuka ghafula na mtikisiko hutokea. Naitrojeni iliyolazimishwa kumumunyika hutoka mara moja kwa maelfu ya viputo vidogo. Bila ya kisahani hicho kinywaji hutoka kimelala.

Mpango wenyewe ni huu:

1. Osha pipa, mipira na koki kwa maji ya moto na dawa ya kusafishia vyombo vya chakula, kisha suuza vizuri. Soma ubavuni mwa pipa kanieneo ya juu linayoweza kustahimili.

2. Simamisha mtungi wima na uufunge ukutani kwa mnyororo, mahali penye hewa ya kutosha. Mtungi ukianguka na kuvunjika koo huruka kama kombora.

3. Funga regulata ifaayo kwa gesi iliyomo. Usipake mafuta wala grisi.

4. Tia kinywaji kilichopozwa hadi nyuzijoto 4 au 5. Kama ni bia, iwe imekwisha kuchacha kabisa. Bia inayoendelea kuchacha ndani ya pipa lililofungwa huzidisha kanieneo bila ya mtu kujua. Ndicho kile kibuyu cha wazee, ila sasa ni cha chuma.

5. Fungua gesi polepole, kisha vuta vali ya usalama ya pipa mara tatu au nne ili hewa iliyobaki itoke. Oksijeni huharibu ladha, na bakteria wa siki huihitaji. Kwa sababu hiyohiyo pampu ya baiskeli haifai kusukumia bia, ingawa hewa yake nyingi ni naitrojeni.

6. Weka geji kwenye kilopaskali 240, ambazo kwenye geji za Kiingereza ni takriban ratili 35 kwa inchi ya mraba. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Penye viputo pana uvujaji.

7. Acha gesi imumunyike. Kwa kuwa naitrojeni huingia kwa shida, kazi hii huchukua siku kadhaa. Kutikisa pipa huiharakisha.

8. Inamisha bilauri, jaza robo tatu, ngoja povu lipande na kutulia, kisha malizia.

Kwa kahawa baridi hutumika naitrojeni tupu. Kwa bia haifai: kaboni dioksidi iliyomo ndani ya bia itahamia katika nafasi iliyo juu yake, kwa kuwa huko haina kanieneo, na baada ya siku chache bia itakuwa imechuja.

Umeme ukikatika, hesabu zetu hubadilika. Pipa likipanda kutoka nyuzijoto 5 hadi 25, k ya kaboni dioksidi hushuka karibu nusu, gesi hutoka katika kiowevu, na kinywaji hugeuka povu. Kisifunguliwe mpaka kipoe tena.

HATARI AMBAZO HAZINA HARUFU

Turudi sasa kwenye ile stoo ya Mikumi. Upana wake ni mita 1.5, urefu mita 2, na kimo mita 2. Ujazo wake ni mita za ujazo 6. Mtungi mkubwa wa lita 50 wenye kilopaskali 15,000 ukivuja wote, hutoa takriban lita 7,500 za gesi katika kanieneo ya kawaida, yaani mita za ujazo 7.5. Gesi hiyo ni kubwa kuliko chumba chenyewe.

Tukichukulia kwamba gesi inajichanganya na hewa ya chumba sawasawa huku ikiisukuma nje kupitia nyufa za mlango, wanafunzi wa kidato cha sita wanaweza kuonyesha kwamba asilimia ya oksijeni itakayobaki ni

21 × e^(−7.5/6) = takriban 6.

Chini ya asilimia 10 mtu aweza kuzimia. Kwenye asilimia 6 hufa kwa dakika chache. Tena hapati onyo. Mwili wetu huhisi kukosa pumzi kwa sababu ya kuzidi kwa kaboni dioksidi katika damu, si kwa sababu ya kupungua kwa oksijeni. Mtu aliye ndani ya naitrojeni huendelea kutoa kaboni dioksidi kwa kila pumzi kama kawaida, naye huanguka bila ya kujua kwamba yuko hatarini. Anayekimbilia kumwokoa huanguka juu yake.

Kaboni dioksidi ni hatari kwa namna yake. Ni nzito kuliko hewa, nayo hukaa mabondeni na mashimoni. Watu wa Goma na viunga vyake, mashariki mwa Kongo, wana neno la Kiswahili kwa mahali gesi hiyo ya volkeno inapojikusanya: mazuku. Mifugo na watu wamekufa humo. Kanuni ya Henry yenyewe imepata kuua kijiji kizima. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambalo maji yake ya chini yalikuwa yamejaa kaboni dioksidi iliyomumunyika, lilichafuka ghafula. Maji ya chini yalipopanda, kanieneo ilishuka, gesi ikatoka kama katika chupa ya soda iliyotikiswa, ikatelemka mabondeni usiku. Watu wapatao 1,700 walipoteza maisha.

Kahawa ya pipa ina hatari nyingine. Kahawa si kali kwa tindikali kama maji ya limau, na ndani ya pipa la naitrojeni hamna oksijeni. Hayo ndiyo mazingira anayoyapenda bakteria Clostridium botulinum, ambaye sumu yake huua. Baridi humzuia. Kahawa hiyo isiachwe nje ya jokofu, na inywewe katika siku chache.

Kuhusu bia, walimu wakumbushe wanafunzi kwamba kuuza vileo kunahitaji leseni, na kwamba vileo si vya watoto. Sisi hapa twajifunza fizikia yake.

JARIBIO LA DARASANI: POVU LA HEWA NA POVU LA KABONI DIOKSIDI

Jaribio hili nimelifanya pamoja na wanafunzi wa shule moja ya Kilosa, na vifaa vyote vilinunuliwa sokoni. Hewa inasimama mahali pa naitrojeni, kwa kuwa sehemu zake karibu nne katika tano ni naitrojeni.

Vifaa: chupa tatu za plastiki za mililita 500, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, siki, bikaboneti ya sodiamu (magadi ya kuokea), mpira mwembamba, njiti ya kiberiti, rula na saa.

Utaratibu:

1. Changanya sabuni kidogo na maji. Tia mililita 50 za mchanganyiko huo katika chupa A na mililita 50 katika chupa B.

2. Katika chupa ya tatu tia mililita 100 za siki na kijiko kimoja kilichojaa cha bikaboneti. Peleka gesi itokayo, kwa mpira, hadi karibu na sabuni iliyo ndani ya chupa B. Usizibe chupa inayotoa gesi bila ya kuacha njia.

3. Shika njiti inayowaka mdomoni mwa chupa B. Ikizimika, chupa imejaa kaboni dioksidi. Chupa A ibaki na hewa.

4. Funga A na B, utikise zote mara 30 kwa namna moja.

5. Tazama kuta za chupa. Chupa B itabonyea ndani, A haitabonyea. Eleza kwa nini kabla ya kusoma zaidi.

6. Fungua vizibo. Pima kimo cha povu kila dakika moja kwa dakika 10. Chora grafu za A na B kwenye karatasi moja.

Kubonyea kwa chupa B kwaonyesha kwamba kaboni dioksidi imemumunyika katika maji na kupungua juu yake. Utaona pia viputo vya B vikikua na kuwa vikubwa mapema, na povu lake likishuka upesi kuliko la A. Sabuni ni ileile, maji ni yaleyale, mtikiso ni uleule. Kilichobadilika ni gesi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Geji mjini Mikumi yaonyesha kilopaskali 200. Gesi ni ya mchanganyiko wa 75 kwa 25. Tafuta kiasi cha kaboni dioksidi katika lita 1 ya kinywaji kwenye nyuzijoto 5. (Jibu: takriban gramu 2.1.)

2. Fundi ametumia kaboni dioksidi tupu katika mtambo wenye koki ya matundu. Eleza matatizo mawili yatakayompata.

3. Mtungi wa lita 50 wenye kilopaskali 15,000 umevuja katika chumba cha mita 3 kwa 3 kwa 2.5. Asilimia ngapi za oksijeni zitabaki? (Jibu: takriban 15.)

4. Kwa nini viputo vidogo hubebwa na mkondo unaoshuka, na vikubwa havibebwi?

5. Rudia jaribio kwa maji ya baridi na kwa maji ya vuguvugu. Je, chupa B itabonyea zaidi katika hali ipi? Toa sababu kwa kanuni ya Henry.

Yule ndugu wa Mikumi alirudisha regulata na kupata ile iliyo sahihi. Mtungi sasa uko nje, chini ya paa dogo lenye kivuli, umefungwa mnyororo, na mpira mwembamba hupita ukutani hadi jokofuni. Stoo imerudi kuwa ya magunia ya mchele. Wageni wake hupewa kahawa baridi yenye povu, naye hupenda kuwaeleza kwa nini viputo vyake huzama.